Mkate wa nafaka nyingi kwa mwenye sukari: je, unastahili bei yake?

SWALI: Daktari, jambo. Ninaishi Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari, anameza vidonge. Tangu tulipojua, niliacha kumpa mkate mrefu mweupe, sasa ninamnunulia ule wa kukatwa, wa kwenye mfuko wa plastiki, ulioandikwa «multicéréales». Bei yake ni karibu mara tatu. Asubuhi anakula vipande vinne na chai. Kwenye mfuko imeandikwa hivi: farine de blé, maji, mchanganyiko wa nafaka na mbegu 8% (oti, rai, alizeti, kitani), sukari, hamira, gluteni, chumvi, E282, E150. Kwa gramu 100: kalori 264, wanga gramu 46, sukari 5, nyuzinyuzi 4, protini 9, mafuta 4, chumvi 1.1. Kipande kimoja ni gramu 35. Je, ninamsaidia kweli? Na watoto niwape huo huo?

JIBU: Mama, asante kwa kunakili mfuko wote bila kuruka kitu, maana jibu limo humo.

Anza na neno la kwanza. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi hutangulia. Hapa kilichotangulia ni «farine de blé» bila neno jingine, yaani unga mweupe wa ngano, ule ule wa mkate mrefu uliouacha. Kama ungekuwa unga wa ngano nzima, wangeandika «farine complète» au «farine intégrale», na wasingelificha jambo hilo kwa sababu ndilo linalouza. Nafaka na mbegu zilizochangia jina zima la mkate ni 8% tu. Katika vipande vinne vya mume wako, ambavyo ni gramu 140, hizo ni kama gramu 11, kijiko kimoja cha chakula.

Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba za nje, kiini kidogo cha kuotea, na wanga wa katikati. Pumba ndizo zenye nyuzinyuzi nyingi; pumba na kiini pamoja ndivyo vyenye vitamini nyingi za kundi B, chuma, zinki na magnesi. Kinu kinachotoa unga mweupe huondoa karibu robo ya uzito wa punje, na robo hiyo ndiyo tajiri. Wewe unalijua jambo hili kwa unga wa mahindi wa bukari (ugali): kwenye magunia yanayotoka Zambia kupitia Kasumbalesa, ule ulioandikwa Breakfast ni mweupe na laini kwa sababu pumba zimeondolewa, na ule wa Roller umebaki nazo kwa sehemu kubwa. Nafaka zinaweza kuwa kumi kwenye mkate mmoja, lakini kama zote zimekobolewa, bado ni mkate mweupe.

Rangi ya kahawia nayo isikushawishi. E150 ni karameli, rangi itokanayo na sukari iliyounguzwa. Haina madhara kwa kiasi hicho, ila haiongezi lishe yoyote. E282 huzuia ukungu, inaruhusiwa, sina ugomvi nayo.

Tuje kwenye nyuzinyuzi, kwa sababu hapo ndipo ninapouhukumu mkate wa aina hii. Mkate mweupe wa kawaida una kama gramu 2.5 kwa gramu 100, na wa ngano nzima una 6 hadi 7. Wako una 4. Umeushinda mweupe, lakini si kwa tofauti ya kulipia mara tatu. Kuna kipimo chepesi ninachowafundisha wagonjwa wangu: gawa wanga kwa nyuzinyuzi. Ukipata 10 au chini yake, mkate huo unafaa. Wako ni 46 kwa 4, yaani 11.5. Na mbegu za kitani, ambazo zina mafuta mazuri ya omega-3, zikiachwa nzima mara nyingi hupita tumboni bila kuvunjwa. Zinafaa zaidi zikisagwa.

Sasa mume wako. Vipande vinne vina gramu 64 za wanga, kabla hujahesabu sukari ya chai kama anatia. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu ni nyingi kwa mlo wa asubuhi, hata mkate ungekuwa bora kiasi gani. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanadhani mkate wa ngano nzima haupandishi sukari. Katika jedwali la kimataifa la mwaka 2008, linaloonyesha jinsi kila chakula kinavyopandisha sukari ya damu na ambamo glukosi ni 100, mkate mweupe ulipata 75 na wa ngano nzima 74. Unga ukisagwa laini sana, mwili huuyeyusha haraka, pumba ziwepo zisiwepo. Iliyoshuka, hadi 53, ni mikate maalumu ya nafaka, ile ambayo unazitafuna punje zenyewe ndani ya mkate, si zile zilizonyunyizwa juu zikabaki kwenye mfuko.

Kwa hiyo, Mama, mpe vipande viwili, na ujaze nafasi ya viwili vilivyotoka: yai la kuchemsha, karanga za kukaanga bila chumvi, au maharage yaliyobaki jana jioni. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina nyuzinyuzi 6 au 7, kupita vipande vyote vinne, na sokoni huyanunui kwa bei ya mkate wa plastiki. Inaniuma kuona familia zinabana pesa ya maharage ili zipate mkate wa mfuko mzuri.

Chumvi usiisahau. Vipande vinne vina gramu 1.5, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Wenye sukari wengi wana presha pia.

Watoto wenye afya wale mkate wa kawaida, pamoja na yai, karanga au uji wa ulezi. Hawauhitaji huu.

Ukitaka kuendelea na mkate wa mfuko, tafuta ulioanza na «farine complète», wenye nyuzinyuzi gramu 6 au zaidi na chumvi isiyozidi 1. Ukikosa, rudi kwenye mkate mrefu, kipande kidogo, pamoja na maharage.

Lakini usipunguze kabla hujajua anameza vidonge gani. Kama ni glibenklamidi, au kama anachomwa insulini, kupunguza wanga ghafla kunaweza kushusha sukari hadi atetemeke, atokwe jasho, hata azimie. Mpeleke kwanza kwa daktari wake na mweleze mpango huu. Baadaye, mkipata mashine ya kupimia, mpimeni saa mbili baada ya kuanza kula: siku moja kwa vipande vinne, siku nyingine kwa viwili na yai. Madaktari wengi hutaka isizidi 180 mg/dl. Andika namba zote mbili kwenye daftari, uende nazo kliniki.