Mwanafunzi anahitaji mwanasaikolojia: shule ianzie wapi?

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu na wazazi wa Nairobi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mwanasaikolojia wa elimu anapatikana wapi, na analipwa na nani? Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Serikali haijaajiri mwanasaikolojia wa kuzungukia kila shule. Kuna vituo vya tathmini, hospitali, na wataalamu wa kulipwa. Kazi ni kujua uanzie mlango upi na ufike ukiwa na nini mkononi.

Nina mvulana wa Gredi ya 4. Hesabu anazipiga vizuri nikimsomea swali, lakini akiachiwa ukurasa anakwama. Mwalimu mkuu anasema apelekwe EARC. Niende na nini? (Mwalimu, Kayole)

Mwalimu, jambo kubwa umeshaligundua: akisomewa, anaweza. Liandike leo, uweke na tarehe.

EARC ni vituo vya Wizara ya Elimu vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vilianza mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Anzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, umwulize afisa wa elimu maalum ni siku gani watoto hutathminiwa na wapi. Kesi zinazohitaji uchunguzi wa kina zaidi huweza kuelekezwa kwenye kituo cha tathmini cha KISE, yaani Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, kule Kasarani.

Kabla ya hapo, macho na masikio yapimwe. Hospitali ya Mama Lucy haiko mbali nanyi. Watoto wengi wanaoitwa wazito hawaoni ubao vizuri, basi.

Kisha barua. Shule nyingi huandika "mwanafunzi ni mzito, tafadhali msaidieni", na mtathmini hapati lolote hapo. Andika unachokiona: anasoma ba, be, bi bila shida, akifika kwenye neno refu anabahatisha kutokana na herufi ya kwanza, ananakili ubaoni kwa dakika nyingi kuliko wenzake, akiulizwa kwa mdomo anajibu. Beba madaftari yake ya mihula miwili bila kuchagua yale mabaya tu. Na mzazi aende mwenyewe, kwa sababu wewe hujui mtoto alianza kusema akiwa na umri gani, wala kama aliwahi kulazwa.

Mpime pia kusoma katika lugha zote mbili. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, Kiingereza hakifanyi hivyo. Mtoto anayeteleza kwenye Kiingereza peke yake huenda hajafundishwa vya kutosha, au hakisikii nyumbani. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uzito wa akili, hutatizika katika lugha zote mbili, ila kwa Kiswahili tatizo hujificha: mara nyingi hupata maneno sawa lakini husoma polepole mno, kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Kwa hiyo usihesabu makosa tu. Mpe kifungu kifupi, angalia saa, halafu mwulize kilihusu nini.

Na usingoje majibu ndipo uanze kumsaidia. Mwite afisini kwa dakika kumi kila siku, mrudi kwenye sauti na silabi kwa wiki kadhaa, uandike kama anasonga. Darasani msomee maswali na ukubali ajibu kwa mdomo. Rekodi hiyo ya wiki chache itamfaa mtathmini kuliko ripoti ya muhula mzima.

Sisi ni shule ya APBET (shule isiyo rasmi ya mtaani), Mukuru. Hatuna bajeti ya mtaalamu. Tuna haki gani? (Mwalimu mkuu)

Mnayo. EARC hupokea mtoto, haiulizi karo yake inalipwa wapi. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazipa bodi za elimu za kaunti jukumu la kutoa huduma za ushauri kwa watoto, pamoja na kuwachunguza wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza walimu na wazazi wao. Watekelezaji ndio wachache. Kwa hiyo ombeni kwa maandishi, barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na nakala. Ombi la mdomo husahaulika kabla hujapanda matatu.

Njia nyingine ni kuungana na shule mbili tatu za jirani mkamlipa mtaalamu kwa siku moja ya muhula. Mkifanya hivyo, msimpe watoto ishirini awapime. Mwambieni aketi darasani asubuhi, na mchana akae na walimu azungumzie aliyoyaona. Mtoto mmoja mmoja atapata kidogo kwa njia hiyo, lakini walimu wenu watabaki na ujuzi mtaalamu akishaondoka. Andikieni pia idara ya saikolojia ya elimu ya Kenyatta University, muulize kama kuna mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili anayeweza kufika.

Shule ya mwanangu inadai ripoti ya mwanasaikolojia, la sivyo atarudia darasa. Nimetajiwa bei tofauti kila nilikouliza. Nitamjuaje wa kweli? (Mzazi, Donholm)

Tuanze na hilo la kurudia. Sheria niliyoitaja hapo juu inasema mwanafunzi aliyeandikishwa shuleni asizuiliwe darasa. Wakumbushe kwa upole, na kwa barua.

Kuhusu mtaalamu, omba kuona usajili wake. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, iliyoanzisha bodi ya kuwasajili. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine. Kisha mwulize atampima mtoto kwa lugha gani. Vipimo vingi vya akili vinavyotumika hapa vilitungwa na kusawazishwa kwa watoto wa Marekani na Uingereza, na mtoto wa Donholm anayewaza kwa Sheng anaweza kupewa alama ya chini kwa sababu ya neno ambalo hajawahi kulisikia. Mtaalamu mzuri atakueleza hilo kabla hujamwuliza. Mwulize pia kama atakuja shuleni kuwaeleza walimu. Ripoti ya kurasa kumi na mbili isiyosema mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi, mimi singeilipia.

Na ripoti ni siri ya mtoto. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Unaweza kuwapa shule ukurasa wa mapendekezo tu, historia ya familia ibaki nyumbani.

Tuna mwalimu wa ushauri nasaha. Si huyo anatosha? (Naibu mwalimu mkuu, Dagoretti)

Anatosha kwa mengi: msiba, ugomvi wa nyumbani, kuonewa na wenzake. Hatoshi kusema kwa nini mtoto hajifunzi, maana hiyo ni kazi nyingine yenye vipimo vyake. Na mkimpa vipindi thelathini kwa wiki, hata hayo mengi hatayafanya.

Mama wa mwanafunzi wangu hataki kusikia neno saikolojia. Anasema tunamwita mwanawe mwendawazimu. (Mwalimu, Kawangware)

Basi acha neno hilo. Usimwite shuleni mbele ya naibu na mwalimu wa nidhamu, atadhani ni kesi. Kaa naye peke yenu, anza na kile mtoto anachokiweza, halafu umwulize yeye ameona nini nyumbani. Mara nyingi mama aliona zamani, akaambiwa na shangazi zake kwamba mtoto atakua tu. Mweleze kuwa EARC ni kituo cha elimu, si wadi. Akitaja shule maalum kwa hofu, mwambie tathmini haimaanishi kuhamishwa. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka wafundishwe pamoja na wenzao. Wako pia wanaosoma katika kitengo ndani ya shule ya kawaida, kama kile cha usonji cha City Primary, Ngara.

Akikataa, usimpeleke mtoto kwa mlango wa nyuma. Endelea kumsaidia darasani, kisha umrudie mama muhula ujao ukiwa na daftari mkononi.

Msichana wa Gredi ya 8 aliandika kwenye insha kwamba amechoka kuishi. Tumwandikie barua ya EARC? (Mwalimu, Embakasi)

Hapana. Hili ni la leo. Asiachwe peke yake, hata msalani. Mtu mmoja anayemwamini akae naye, amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Mwiteni mzazi siku hiyo hiyo, isipokuwa mkisikia kwamba tatizo liko nyumbani, na hapo mhusisheni afisa wa watoto. Apelekwe hospitali: Kenyatta, Mathari, au iliyo karibu zaidi. Simu ya watoto, 116, hailipishwi na hupokelewa saa zote. Na tafadhali msimtume nyumbani kwa "utovu wa nidhamu", wala insha isisomwe kwenye chumba cha walimu.

Binti yangu ana ripoti ya EARC. Atapata muda wa ziada kwenye mtihani wa Gredi ya 9? (Baba, Roysambu)

Anaweza kupata. KNEC, baraza la mitihani la taifa, huwa na mipango kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum: muda wa ziada, maandishi makubwa, Breili, karatasi zilizorekebishwa. Anayeomba ni shule, na huomba wakati wa usajili wa watahiniwa, akiambatisha ripoti. Mtihani ukikaribia, dirisha hilo huwa limefungwa. Nenda kwa mwalimu mkuu muhula wa kwanza, umwombe akuonyeshe kwamba mahitaji ya binti yako yameingizwa kwenye usajili.