Nikila Peke Yangu, Je, Bwana Yuko Mezani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mama. Mume wangu alilala katika Bwana mwaka jana, na watoto wana nyumba zao. Tangu hapo nakula nimesimama jikoni, sufuria mkononi, ili mradi tumbo litulie. Lakini alfajiri nikipiga magoti, nakutana na Mungu kuliko nilivyowahi kukutana naye maishani. Kanisani kwetu kila mwezi kuna chakula cha pamoja baada ya ibada. Nilihudhuria mara mbili, nikakaa katikati ya watu na wenzi wao, nikarudi nyumbani mpweke kuliko nilivyotoka. Sasa siendi. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia nimeanza kurudi nyuma. Nikamjibu kwa Ufunuo 3:20, kwamba Bwana ameahidi kuingia kwangu na kula pamoja nami; hakusema nitoke. Kati yetu wawili, nani ana haki? *Mjane*

JIBU: Asifiwe milele, mdogo wangu, na pole kwa msiba. Mwaka mmoja ni juzi tu. Nitafika kwenye Ufunuo, lakini niruhusu nianze na ile sufuria.

Mama yangu aliugua miezi saba kabla ya kufa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Wiki za mwanzo niliifanya kama kazi nyingine yoyote: kijiko, kitambaa, kijiko, kitambaa, jicho moja kwenye saa. Akawa anafumba mdomo. Nikadhani ni ugonjwa umezidi. Siku moja akanishika mkono, akakigeuza kijiko kwa vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka na kukielekeza kwangu. Nusu ya kilichokuwamo kilimwagikia shuka. Nikala kilichobaki, naye akanitazama mpaka nikameza. Ndipo akafungua mdomo wake. Kuanzia siku ile nilikuwa nikiingia chumbani na sahani mbili, na kiti nikakisogeza mpaka magoti yangu yakagusa kitanda. Chakula alikuwa anakitaka siku zote. Alichokuwa amechoka nacho ni kulishwa na mtu asiyekula naye.

Kwa sababu ya kijiko kile, aya uliyoitaja siisomi tena kama zamani. “Nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye, na yeye pamoja nami.” Kwa miaka mingi niliona maneno ya mwisho kama marudio tu. Kama atakula pamoja nami, si ni wazi kwamba nami nitakula pamoja naye? Sasa naona kuna safari mbili: yeye anakikubali kilichomo ndani mwangu, hata kama ni kidogo na cha jana, nami nakikubali kilichomo mkononi mwake. Na neno la Kigiriki lililotumika pale ni la mlo mkuu wa jioni, ule ambao watu waliukalia kazi zikiwa zimekwisha na hakuna anayewahi mahali. Hilo ndilo Bwana aliloliahidi mlangoni. Huwezi kulipokea umesimama, mdogo wangu. Leo usiku toa sahani, kaa, shukuru kwa sauti ingawa hakuna binadamu wa kuitikia amina. Kwa mtu anayeomboleza, kukaa tu mezani mbele ya kiti kitupu kunaweza kuwa sala nzito kuliko maneno mengi ya alfajiri. Ukilia katikati ya mlo, lia, kisha uendelee kula.

Sasa mabishano yenu. Nyote wawili mmeishika aya hii kwa upande mmoja. Iliandikiwa kanisa, lile la Laodikia, watu waliokuwa wakijisema, “Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu.” Walikuwa wakikutanika, na bila shaka walikuwa wakila pamoja kama makanisa yote ya wakati ule. Na Bwana alikuwa nje! Kwa hiyo dada yako asikuambie kwamba ukumbi uliojaa watu na vyakula ndio ushahidi kwamba Bwana yumo. Lakini na wewe tazama vizuri. Yule anayesema “mtu akiisikia sauti yangu” anamsemesha mmoja aliye ndani ya kusanyiko, ili ndani ya watu wale waliojitosheleza apatikane angalau mtu mmoja atakayefungua. Mlango ukishafunguliwa kwa ajili ya Kristo, sijaona mahali katika Maandiko ambapo ulifungwa tena kwa ajili ya watu wake.

Waangalie wale wawili wa Emau. Nao walikuwa wamefiwa. Ilikuwa siku ya tatu tu. Walitembea yapata kilomita 11 kutoka Yerusalemu wakizungumza habari za kifo, na njiani akaungana nao mtu wasiyemtambua. Jioni wakamshawishi, “Kaa pamoja nasi.” Alipoutwaa mkate, akaubariki, akaumega na kuwapa, macho yao yakafumbuliwa, naye akatoweka. Wewe fikiria. Wameipata ile saa ambayo kila Mkristo anaitamani, Bwana mwenyewe kwenye meza yao, chumba kidogo, watu wawili tu. Wangeweza kukaa pale usiku kucha wakiutazama ule mkate. Luka anasema waliondoka saa ileile, wakarudi Yerusalemu, kilomita zilezile gizani, mpaka walipowakuta wenzao wamekutanika. Na wakiwa bado wanasimulia jinsi alivyotambulikana nao katika kuumega mkate, Yesu akasimama katikati yao wote, akaomba chakula, akala mbele yao.

Kwa hiyo alfajiri yako ni ya kweli, na asikunyang'anye mtu. Bwana mwenyewe alikuwa nayo: “alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko.” Wakristo wa zamani pia hawakuona ugomvi kati ya alfajiri na meza. Yapata mwaka 112, Plinius, liwali wa Kirumi aliyekuwa akiwahoji Wakristo katika jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kueleza watu hawa wanafanya nini hasa. Alichoambiwa ni kwamba siku maalumu hukutana kabla ya kupambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, hujifunga kwa kiapo kwamba hawataiba wala kuzini wala kuvunja ahadi. Kisha hutawanyika, halafu hukusanyika tena kula chakula, na chakula chenyewe ni cha kawaida kisicho na hatia. Ni watu walewale, asubuhi magotini, baadaye mezani. Nafurahi sana kila ninapokumbuka kwamba habari hii tumehifadhiwa na mtu aliyekuwa akiwatesa.

Je, umerudi nyuma? Sioni hivyo. Kuna kujitenga kwa aina mbili, na mtume Petro alipatikana na ile mbaya. Kule Antiokia alikuwa akila na waamini wa Mataifa. Walipokuja watu fulani kutoka kwa Yakobo, akajitenga nao kwa kuwaogopa waliotahiriwa, na Paulo akampinga uso kwa uso. Petro aliondoka mezani kwa sababu ya kuona aibu ya kuonekana na wenzake. Wewe umeondoka kwa sababu ya maumivu. Ila maumivu yakikaa muda mrefu huweza kujifunza lugha ya Petro, kwa hiyo jiulize mbele za Mungu: yuko mtu katika kusanyiko lile ambaye moyoni umeshaamua hutakula naye tena? Kama yuko, na hasa kama ni dada huyu, anza naye katika sala kesho.

Na dada huyu, kama anasoma ukurasa huu, namwomba afungue 1 Wakorintho 11. Watu huikimbilia sura hiyo kwa ajili ya kujihoji kabla ya Ushirika Mtakatifu, wakaruka kilichomkasirisha Paulo: “huyu ana njaa, na huyu amelewa.” Wenye nacho walitangulia kula, wasio nacho wakakuta sahani tupu. Dawa aliyoiandika ni neno moja ambalo natamani liandikwe kwenye mlango wa kila ukumbi wa kanisa: mngojane. Mtu hupungukiwa na mengine zaidi ya chakula. Mjane aliyekaa mara mbili katikati ya watu na hakuna aliyemuuliza hali yake, huyo alikuwa na njaa kwenye meza iliyojaa. Katikati ya karne ya 2, Justino Mfiadini aliandika kwamba mkate wa shukrani ulipokwisha kugawiwa, mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo. Hao wa zamani, kiti kikiwa kitupu, walitembea kumfuata mwenyewe. Dada, badala ya kumwambia mwenzio amerudi nyuma, mfuate na chakula, na ukae naye mle.

Wewe mjane, usijilazimishe kwenye kile chakula cha mwezi kwa sasa. Ukumbi wa watu wengi ni mkubwa mno kwa jeraha bichi. Tafuta mtu mmoja. Nina hakika katika kanisa lenu yuko mwingine anayekula kwa kusimama, pengine mwanamume, pengine kijana anayeishi peke yake, ingawa kwa huyo wa pili na yule wa kwanza ni vizuri mkiwa watatu au wanne. Mwalike siku moja kwa wiki. Msifanye kipindi cha maombi, wala usiandae somo. Leteni chakula mnachokula siku zote, mshukuru, mle. Jina la mume wako litajwe mezani. Ukumbi utaurudia siku utakapokuwa na mtu wa kukaa naye.

SWALI: Shikamoo mama. Ushirika wetu wa nyumbani huzunguka kwa zamu. Kwetu ukifika, mimi huishia jikoni. Neno nalisikia vipande vipande kupitia mlangoni, na wakati wa maombi nakuwa nimeshika mwiko. Mume wangu anasema ndiyo huduma yangu na thawabu ipo. Nami naona nakauka. *Mwenye Zamu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa jikoni la kanisa miaka mingi kuliko niliyokaa kwenye viti, kwa hiyo nakuelewa hadi kwenye nyayo.

Usikubali mtu akupige kwa habari ya Martha. Yesu hakumkemea kwa kupika. Alimwambia, “unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi,” na hivyo *vitu vingi* ndivyo vya kuangalia. Baadaye, katika Yohana 12, Bwana anaandaliwa karamu tena Bethania. Martha anatumikia kama kawaida yake, Lazaro ameketi chakulani, Mariamu anampaka Yesu marhamu miguuni, na Martha haambiwi neno. Huduma ni ileile; fadhaa ndiyo iliyokwisha.

Basi punguza vitu. Aina moja ya chakula, iliyopikwa na kufunikwa kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Wageni wakifika, nawe uwe umekaa. Kikipoa, kimepoa. Mwambie mume wako, kwa heshima na bila kuzungukazunguka, kwamba thawabu yako haimzuii yeye kuosha vyombo. Na kama zamu imekuwa mashindano ya nani kaandaa zaidi, liseme kwenye kikundi, kwa maana wapo wasio na uwezo ambao wameanza kukwepa zamu zao na hawatasema kwa nini.

Mume wako asome pia Yohana 21. Bwana aliyefufuka, ambaye mbingu na nchi ni zake, anawangojea wanafunzi saba ufuoni akiwa ameshawasha moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Amepika mwenyewe! “Njoni mfungue kinywa,” anawaambia. Injili hiyohiyo inataja moto wa makaa mara moja nyingine, uani kwa kuhani mkuu, pale Petro alipoota moto huku akikana kwamba hamjui Yesu. Sasa amekaa tena mbele ya makaa, na Bwana ambaye yeye alimkana ndiye anayempa mkate. Yohana ameandika kwa uangalifu kwamba “walipokwisha kula” ndipo Yesu alipomwuliza Petro, “wanipenda?” Yale mazungumzo ya ndani kabisa kati ya mtu mmoja na Bwana wake yalikuja baada ya mlo wa watu wote, na Petro alikuwa ameketi, ameshiba, na hana mwiko mkononi.

SWALI: Kwa nini tunamshukuru Mungu kabla ya kula na si baada? Mtoto wangu wa miaka sita ameniuliza, nikakosa jibu. *Baba Mtu*

JIBU: Mwambie ameuliza vizuri, maana Torati inaweka shukrani mwishoni: “Nawe utakula ushibe, nawe utamshukuru Bwana, Mungu wako.” Paulo naye alishukuru mwanzoni, melini, kwenye dhoruba, mbele ya watu 276 waliokuwa hawajala siku nyingi, ndipo akaumega mkate. Vyote viwili ni halali, na Wayahudi mpaka leo hushukuru kabla na baada. Jaribuni wiki hii: wewe uombe sahani zikiwa zimejaa, na mtoto aombe zikiwa tupu. Mwache ataje alichokipenda kwa jina lake, na usimsahihishe.