Alfa Romeo GTV ya zamani kwa bei ya IST: nunua, ila kwa masharti haya

Mkuu, umeuliza kama ununue Alfa Romeo GTV ya 1998, injini ya lita 2 aina ya Twin Spark, inayouzwa hapo Area C kwa bei ya Toyota IST iliyochoka, na karibu wote waliotangulia kukujibu wamekwambia kimbia. Mimi ninalo la aina hiyo hiyo na naliendesha hapa hapa Dodoma. Jibu langu ni nunua, ila uwe na gari jingine la kukupeleka kazini, na uwe na hela ya mkanda wa taimingi (ule unaozungusha shafti za valvu) mkononi siku ile ile unayolipia gari. Ukikosa kimojawapo achana nalo, hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Urahisi wa bei usikutie wasiwasi. GTV hii ilionyeshwa Paris mwaka 1994, umbo lake ni la Pininfarina, kazi ya Enrico Fumia. Wapenzi wa Alfa wa siku nyingi waliinunia kwa sababu inavuta kwa magurudumu ya mbele na imejengwa juu ya msingi wa Fiat Tipo, gari la familia. Mimi hilo silioni kuwa kasoro. Sasipensheni ya nyuma ilibuniwa upya, na ukipandisha kona za Bereko, ukishapita Kondoa, usukani unajibu upesi kiasi kwamba hutataka barabara iishe. Huku kwetu linachukiwa kwa mambo mengine: spea hazipo madukani, fundi akiona ile nembo yenye nyoka anakunja uso, na siku ya kuuza utakaa na tangazo mpaka uchoke. Kwa hiyo nunua kama unataka kukaa nalo.

Sasa injini, maana magari haya ndipo yanapofia. Mwanzoni kiwanda kilisema mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 120,000. Ikaonekana haifiki huko, wakashusha hadi 60,000. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo gharama inaweza kuzidi bei ya gari zima. Muuzaji akikwambia ulishabadilishwa, omba risiti yenye tarehe na kilomita. Kama hana, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Na kuubadilisha kunataka vifaa vyake. Shafti za juu, zinazofungua valvu, zinafungwa na vyuma maalum zisisogee wakati mkanda uko nje. Langu nililipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, hodari kweli kwa Toyota. Alipofungua kava tu akatoa rangi nyeupe na kibrashi, aweke alama kwenye puli kisha auchomoe mkanda. Nikamwomba asubiri. Ukikosea jino moja, injini haikai sawa tena. Nikaagiza vyuma hivyo Uingereza, pamoja na mkanda, tensha (kikaza mkanda), pampu ya maji na ule mkanda mdogo wa shafti za kutuliza mtetemo, kwa sababu huo nao ukikatika vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkanda mkubwa. Vilipofika nikarudi kwa fundi yule yule. Alifanya kazi kwa utulivu siku nzima, na gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Mafundi wetu wanaweza kabisa, wapewe vifaa.

Kitu cha pili ni oili. Twin Spark inakula oili hata ikiwa nzima. Wenye Toyota tumezoea kusubiri siku ya sevisi, na mazoea hayo huua beringi za konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na krenki) za injini hii. Pima kila unapojaza mafuta. Plagi nazo ziko nane, mbili kila silinda, kubwa nne na ndogo nne, kwa hiyo usikubali mtu akuletee nane zinazofanana.

Hali ya hewa ya Dodoma inalisaidia gari hili kwa upande mmoja. Ukavu wetu haulei kutu kama upepo wa chumvi wa Dar. Lakini jua linapasua hozi na bushi, na vumbi la barabara za mitaani linaziba filta ya hewa, kisha linachafua sensa iliyo nyuma yake, hadi gari linakosa nguvu. Kwenye matuta pita polepole, maana tumbo lake liko chini. Boneti nayo si bati, ni plastiki ngumu, hivyo mwambie fundi wa rangi mapema.

Kuna aliyekushauri hapo juu uagize la V6, yaani la silinda sita, kutoka nje. Lina farasi 220 dhidi ya 150 za hili na mlio wake ni mtamu, sikatai. Ila gari lenye zaidi ya miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na injini ikizidi ujazo wa sisi (cc) 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. La hapo Area C lina sisi 1,970 na lina namba tayari. Hakikisha tu kadi ina jina la huyo anayekuuzia.

Ukienda kuliona, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono, iwe baridi. Chomoa stiki ya oili uitazame, ndipo uwashe. Ukisikia mlio wa kukereza kama wa dizeli kwa sekunde chache kisha ukatulia, hiyo ni varieta (kifaa kinachobadili muda wa valvu kufunguka) imechoka: inabadilishwa pamoja na mkanda, na unayo haki ya kupunguziwa bei. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, mrudishie ufunguo uondoke. Piga picha upande wa chini wa gari na risiti zote atakazokuonyesha, unitumie PM kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.