Moodle: nifunge mada zipi, niache zipi wazi?

Swali: Nimeandaa kozi ya hisabati ya darasa la sita kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni: sehemu, desimali, asilimia na pembe. Nilipoacha mada zote wazi, wanafunzi walirukia asilimia wakafeli. Nilipozifunga zifuatane, wanaojua wakalalamika kwamba wanacheleweshwa. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, funga pale tu mada moja inapoitegemea nyingine. Asilimia ni ngumu kwa asiyejua sehemu na desimali, hivyo ifunge. Pembe haihitaji hizo. Iache wazi tangu siku ya kwanza.

Halafu kila mada iliyofungwa iwe na njia mbili za kuifungua. Kwenye masharti ya asilimia, weka alama 70 kwa mia katika jaribio la desimali, au 80 katika jaribio la awali la maswali manane hivi, ambalo anayejua tayari hulifanya ili aruke. Hapa wengi hukwama: Moodle huanza na agizo la kutimiza masharti yote, na ni lazima ubadilishe liwe sharti lolote. Alama ya jicho kando ya masharti usiifumbe. Ukiifumba, mada hutoweka na mtoto hajui anachokitafuta.

Usiruhusu mada ihesabiwe imekamilika kwa kufunguliwa tu. Watabofya kurasa zote bila kusoma. Tumia alama ya kufaulu. Kurudia jaribio ni sawa, ila maswali yachotwe kwa nasibu kutoka benki ya maswali yenye angalau mara tatu ya yanayoulizwa, na kati ya kulifanya mara ya kwanza na ya pili weka dakika 30 za kusubiri. Vinginevyo wanakariri herufi za majibu.

Kwenye mazoezi, chagua mtindo unaotoa kidokezo baada ya kukosea. Swali lenye vidokezo viwili humpa mwanafunzi nafasi tatu. Cha kwanza kikumbushe kanuni, cha pili kionyeshe hatua ya kuanzia, jibu lisiwemo. Utafiti wa mwaka 2004 wa Ryan Baker, mtafiti wa ujifunzaji kwa kompyuta, na wenzake uliona kwamba wanaobofya vidokezo mfululizo mpaka jibu litoke hujifunza kidogo kuliko wenzao.

Video au maandishi, zoezi lipi lianze, mangapi ya ziada: hayo wachague wenyewe.

Baada ya wiki mbili fungua kitabu cha alama. Ikiwa hakuna aliyepita kwa jaribio la awali, huenda maswali yake yanapima kisichohitajika kwenye asilimia. Wakipita karibu wote na bado wakafeli asilimia, ni mepesi mno.