Kabla ya Fomula, Uangalie Unga: Kuchagua Viambata vya Tembe za Maumivu

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya famasia huwa mnaniomba jambo moja: "Mwalimu, tupe fomula ya parasetamoli ya kugandamiza moja kwa moja." Kugandamiza moja kwa moja ni kuubana unga mkavu kuwa tembe bila kwanza kuufanya punje. Fomula ninazo. Lakini sizitoi kabla hamjanionyesha unga wenyewe, na nitawaambia kwa nini.

Kundi langu la kwanza la tembe za miligramu 500 nililitengeneza hapa Dodoma kwa fomula niliyoinakili. Nilichukua parasetamoli ya kawaida ya fuwele, selulosi, wanga na magnesiamu stiareti, nikavichanganya vyote pamoja kwa dakika 15. Tembe zilitoka zinang'aa. Nilipozitia kwenye pipa linalozibingirisha kupima zinavyolika, mizunguko 100, nyingi zilivua kofia: tabaka la juu likabanduka zima. Nikaongeza nguvu ya mashine, nazo zikazidi kuvua kofia.

Huku kwetu tembe ni kidonge, na tembe pia ni nyumba ya udongo ya Wagogo, ile yenye paa bapa. Mzee jirani yangu aliyekulia ndani ya nyumba hizo aliniambia kwamba udongo wenye mchanga mwingi haushiki hata uukanyage siku nzima. Hapo nikaielewa parasetamoli. Chembe zake ukizibana hunywea, ukiziachia hujitanua tena, na kujitanua huko ndiko kunakopasua tembe. Nguvu ya mashine haikuwa dawa yake. Ilihitaji kitu kinachobonyea na kubaki kimebonyea, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya selulosi ya fuwele ndogondogo. Kwa kazi hii chukueni ile ya chembe za wastani wa mikroni 100. Ile ya mikroni 50 hushika vizuri lakini hutiririka kwa shida.

Sasa pigeni hesabu. Dawa ni miligramu 500, na tembe ikizidi sana miligramu 650 mgonjwa anahangaika kuimeza. Mnabaki na miligramu 150 za viambata vyote, yaani vitu visivyo dawa vinavyoisaidia tembe kutengenezeka. Nafasi hiyo haitoshi kuubadilisha mchanga kuwa udongo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua parasetamoli iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kugandamizwa, ambayo mara nyingi karibu asilimia 90 yake ni dawa na iliyobaki ni vishikizi. Bei yake iko juu, lakini kundi zima kutupwa ni hasara kubwa zaidi.

Kabla ya kununua chochote, pimeni mtiririko. Mimina gramu 50 za mchanganyiko kwenye silinda ya mililita 100, kisha igongegonge mpaka unga uache kushuka. Ukitoka mililita 100 hadi 72, umeshuka asilimia 28, na unga huo utajaza matundu ya mashine kwa uzito usiolingana. Mimi nikiona imezidi 25 narudi mezani. Silika laini kidogo, asilimia 0.2 hadi 0.5, husaidia sana.

Magnesiamu stiareti ndiyo iliyonimaliza siku ile. Kazi yake ni kuzuia unga usinate kwenye vyuma, lakini ukiikoroga muda mrefu inazipaka chembe zote kama mafuta, zinakataa kushikana na maji yanapenya kwa shida. Siku hizi naweka asilimia 0.5, mwisho kabisa, dakika mbili au tatu. Cha kuivunja tembe tumboni, krospovidoni au kroskameloza ya asilimia 2 hadi 4 inatosha. Na tafadhali, wanga wa muhogo wa sokoni Majengo ni wa jikoni. Wa tembe lazima uwe wa daraja la dawa, wenye cheti.

Ibuprofeni ina shida nyingine: huyeyuka kwenye nyuzi 75 hadi 78, hivyo joto la msuguano tu hulainisha unga ukanata.

Aspirini ndiyo inayodanganya watu wa Dodoma. Hugandamizika vizuri mno, na kiangazi chetu kikavu kinaificha tabia yake. Ikipata unyevu inavunjika na kutoa asidi ya siki. Magnesiamu stiareti huharakisha uharibifu huo, kwa hiyo tumieni asidi steariki au talki, na selulosi ya unyevu mdogo. Tembe iliyokaa salama hapa Julai inaweza kuharibika ikifika Tanga.

Mimi hujaribu hivi. Naweka chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito chini ya chombo cha kioo, kwa kuwa hewa iliyo juu yake hukaa kwenye unyevu wa karibu asilimia 75. Tembe kumi naziweka kwenye kisahani juu ya chumvi, nafunika, nasubiri wiki kadhaa. Nikifungua, pua ndiyo inatangulia. Harufu ya siki ikinipiga, nabadilisha viambata kabla sijagusa mashine.