Nadharia tete "imekubaliwa" au "haikukataliwa"?

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili. Nimelinganisha alama za makundi mawili ya wanafunzi waliofundishwa kwa mbinu tofauti, nikapata p = 0.08 kwa kiwango cha 0.05 (p ikiwa chini ya hapo ndipo nadharia tete, yaani dhana inayopimwa kwa data, hukataliwa). Nikaandika: "Nadharia tete ya kutokuwapo kwa tofauti imekubaliwa, hivyo mbinu zote mbili ni sawa." Msimamizi amekata sentensi nzima. Kosa ni la takwimu au la lugha?

JIBU: La vyote viwili. "Imekubaliwa" ni hukumu ambayo data zako hazikuitoa. Mahakamani, "hakupatikana na hatia" si sawa na "hana hatia": ushahidi kutotosha ni jambo moja, mtu kuwa safi ni jingine. Andika "haikukataliwa", au "hatukupata ushahidi wa kutosha kuikataa". Wapo wanaopenda "tumeshindwa kuikataa"; mimi siipendi, maana msomaji atadhani kazi imemshinda mtafiti. Hayo ya mbinu kuwa sawa yafute kabisa.

Utamu wenyewe uko kwenye kiambishi -nge-. Wengi huieleza p = 0.08 kuwa ni uwezekano wa asilimia 8 kwamba tofauti haipo. Sivyo. Hesabu hii huanza kwa kuchukulia kwamba tofauti haipo, kisha huangalia data. Kiswahili kina umbo la kitenzi la kazi hiyo: "Kama tofauti isingekuwapo, uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au yaliyozidi haya, ungekuwa 0.08." Ondoa -nge- na maana inapinduka.

Mwaka 1935 mwanatakwimu Ronald Fisher alieleza jaribio la bibi aliyedai kwamba akionja chai hujua kama kikombeni kilianza kutiwa maziwa au chai. Vikombe 8, vinne vya kila aina. Kama angekuwa anabahatisha tu, uwezekano wa kuvipatia vyote ungekuwa 1 kati ya 70, yaani takriban 0.014. Hiyo haisemi bibi ana uwezekano gani wa kuwa mbahatishaji.

Nawe usiandike "tofauti si muhimu". Muhimu ni neno la uzito wa jambo maishani. Wanafunzi wakiwa maelfu kwa maelfu, hata nusu alama yaweza kuipa p thamani ndogo sana. Sema "tofauti haikudhihirika kitakwimu kwa kiwango cha 0.05", kisha taja p yenyewe na makundi yalipishana alama ngapi.