Usilipe arubuni ya hiyo 22B kabla nambari ya chasisi haijasomwa

Usitume fedha hizo. Umeuliza mambo kadhaa kwa mkupuo mmoja: ni gari lipi la rali linalostahili kuitwa kubwa kuliko yote kati ya Audi Quattro, Lancia Stratos na Lancia Delta, matunzo ya magari ya namna hiyo yakoje, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukadokeza kwamba umepata Subaru Impreza 22B, kwamba muuzaji ana cheti na picha nzuri, na kwamba arubuni unalipa Ijumaa. Hilo la mwisho ndilo lililoniondoa mezani chakula kikiwa bado cha moto, kwa sababu miaka michache iliyopita nilimwandikia rafiki yangu maneno karibu hayo hayo, naye, Mungu amsamehe, akanipongeza.

Kuhusu ukubwa nitasema kwa ufupi. Quattro ndiyo iliyowalazimisha wengine wote kutafuta namna ya kuendesha magurudumu yote manne, ingawa mwaka 1983 Lancia 037, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, iliinyima ubingwa wa watengenezaji. Stratos iliutwaa ubingwa huo mara tatu mfululizo, 1974 hadi 1976, na Delta mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Mimi nachagua Delta. Anayetaka kubishana na abishane, ila asubiri Ijumaa ipite.

Sasa tuje kwenye 22B. Muuzaji wangu aliniambia mambo matatu, na yote matatu yangeweza kupimwa kwa kalamu na karatasi kabla sijatoka nyumbani. La kwanza, kwamba hili ndilo gari lililompa dereva Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995. McRae aliutwaa ubingwa ule akiwa na Impreza 555 ya milango minne, ya Kundi A (daraja la magari ya mashindano yaliyojengwa kutokana na magari ya kuuzwa mtaani), ilhali 22B ilitoka mwaka 1998, ina milango miwili, na ilitengenezwa kuadhimisha ubingwa wa tatu mfululizo wa Subaru upande wa watengenezaji. La pili, kwamba injini yake ndiyo ile ile ya mashindano. Magari ya mashindano ya wakati ule yalikuwa na injini za lita mbili, na 22B halisi ina lita 2.2. Cha kuchekesha ni kwamba injini niliyouziwa ilikuwa ya lita mbili kweli, kwa hiyo katika uongo wake wote, hapo ndipo alipoukaribia ukweli bila kukusudia.

La tatu lilinivutia zaidi kwa sababu lilifanana na usomi: kwamba kiwanda kililazimika kutengeneza magari haya ili lile la rali liruhusiwe kushindana. Sharti la namna hiyo lilikuwapo kweli. Kundi B, daraja jingine la mashindano, lilidai magari 200, na Kundi A lilidai 5,000, baadaye likashushwa hadi 2,500. Lakini kuanzia mwaka 1997 kulikuwa na kanuni mpya za magari ya rali ya dunia, ambazo hazikumtaka mtengenezaji auze mtaani nakala za gari lake la mashindano, na Impreza ya milango miwili iliyoshindana mwaka huo ilijengwa chini ya kanuni hizo. 22B 400 zilizouzwa Japani, pamoja na chache zilizokwenda kwingineko, zilikuwa kumbukumbu ya ushindi na hazikutimiza sharti lolote.

Utauliza kama sikuyajua haya. Niliyajua! Ningeweza kukuhesabia mataji ya dereva wa rali Tommi Mäkinen usingizini. Lakini mtu akipenda, chongo huita kengeza, na mimi nilipenda puti, ule udongo wa kuzibia bodi, nikaiita chuma. Nililiona lile buluu, zile rimu za dhahabu, zile fenda zilizotutumka, na kile kibao kidogo cha nambari ndani ya gari, nikalipa akiba ya miaka sita mchana mmoja, nikaondoka nikipiga honi kama bwana harusi.

Miezi minane baadaye ufa mwembamba kama unywele ulijitokeza juu ya gurudumu la nyuma la kushoto. Nilimpelekea fundi wa rangi, nikamwonya awe mwangalifu kwa kuwa gari ni la thamani. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaiweka mlangoni, ikashika. Akaisogeza taratibu kuelekea kwenye fenda, vidole vikiifuata, kisha akaiachia. Ilianguka, nikaisikia ikigonga sakafu. Aliiokota, akaifuta kwa shati, akarudia upande wa kulia, ikaanguka tena. Ndipo aliponitazama na kuniuliza kwa upole ambao hadi leo unanichoma: “Mzee, hili uliuziwa kama gari gani?”

Tulipokwangua tulikuta faibaglasi, na chini yake puti nene kama kidole gumba, na chini ya puti fenda ya awali iliyokatwa ovyo. Nambari ya chasisi, iliyopigwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, ambayo sikuwahi kuinama kuisoma, ilikuwa ya Impreza nyingine ya milango miwili, gari zuri tu, ila si lile nililolipia. Nambari ya kile kibao baadaye niliiona kwenye picha ya gari la mtu mwingine kabisa. Pacha wangu huyo hanijui, na nimeona aibu kumwandikia.

Muuzaji namwelewa, mwizi kazi yake ni kuiba. Ninayeshindwa kumsamehe ni mkaguzi. Aliandika ripoti ya kurasa nne, akapima unene wa pedi za breki na kina cha kashata za tairi, akapiga picha hadi mfuniko wa tangi, na kuhusu jambo pekee nililomlipia alitumia maneno matano: “kulingana na maelezo ya mmiliki”. Nani alinipa jina la mkaguzi huyo? Muuzaji. Nilimwomba fisi aniteulie mlinzi wa mbuzi, kisha nikamlipa mlinzi kwa risiti.

Kwa hiyo kabla ya cheti, kabla ya picha, kabla hata ya kuwasha injini, nambari iliyopigwa kwenye chuma isomwe na mtu uliyemtafuta mwenyewe, ilinganishwe na kumbukumbu za kiwanda, na iwe ile ile kwenye hati zote. Usikubali kuonyeshwa nambari ya usajili badala yake. Timu za viwanda zenyewe, tangu enzi za Mini, zilikuwa zikihamisha vibao vya usajili kutoka bodi moja hadi nyingine kila gari lilipochakaa au kupondeka, kwa hiyo hata gari la kweli la timu linaweza kuwa na kibao chenye historia ndefu kuliko chuma kinachokibeba. Na cheti ni karatasi. Hata mimi ninacho, kina muhuri mzuri sana.

Mwandikie muuzaji leo, umwombe picha ya nambari ile ikiwa haijafutwa wala kupakwa chochote, na picha ya pili iliyopigwa kwa mbali kidogo ili ukuta wote wa nyuma ya injini uonekane. Akikujibu kwamba kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi, jua kwamba mnunuzi huyo alikuwa anakuja hata wakati wangu, na inaonekana bado yuko njiani. Picha zikifika ziweke hapa, nitazitazama hata kama ni usiku.